Bipu ya Alfajiri

Mimi mama hunibipu. Mdogo wangu humpigia. Mtu ambaye hakukulia kwetu anaweza asione tofauti, lakini sisi tunajua kuna watu wa kupigiwa na watu wa kubipiwa. Wa kupigiwa ni yule ambaye uko tayari salio lako likatike kwa ajili yake. Wa kubipiwa ni yule ambaye unajua yupo tu, akitaka atapiga, asipotaka shauri yake. Unaacha simu iite mara moja, unakata kabla hajapokea, na hakuna aliyelipa kitu. Miaka yote mimi nimekuwa wa kundi hili la pili, na sitajifanya hapa kwamba niliona raha.

Kila alfajiri mama akishaswali huko kwake Towelo, juu mlimani, simu yangu huku chini mjini, Mwembesongo, ilikuwa inaita mara moja na kunyamaza. Maana yake, nimeamka salama. Nami namrudishia mara moja. Maana yake, na mimi nimeamka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku, halafu mimi naingia kwenye cherehani yangu na yeye anaingia kwenye migomba yake. Salio halikuguswa.

Mdogo wangu yuko Maskati. Anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya familia moja yenye watoto wengi. Alipokuwa hapa alikuwa mtoto wa kutumwa maji akarudi jioni na ndoo nusu, na mama alikuwa anamsema mpaka majirani wanamwonea huruma. Alipopanda ndege tu akawa mtoto mwema. Hakuna tena aliyekumbuka ndoo. Ikawa mwanangu wa mbali, mwanangu yuko peke yake, mwanangu sijui leo amekula nini. Mimi niliyebaki kuchota hayo maji sikuwahi kuulizwa nimekula nini. Nilikuwa naulizwa nimepika nini.

Mwanzoni mama alikuwa anampigia kwa kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Siku moja aliuza ndizi zake sokoni, akanunua vocha, akapanda nayo mlimani bila kuikwangua. Kesho yake akasimama nyuma ya jiko, pale karibu na mfenesi ambapo mtandao unakamata, akapiga Maskati. Hata salamu hazijaisha, simu ikakatika. Akapiga tena, akaambiwa na sauti ya kike kwamba hana salio la kutosha. Basi mama akafunga khanga yake, akashuka mlima mpaka kwa kijana aliyemuuzia vocha, akamwambia mbele za watu kwamba amemuuzia karatasi tupu.

Nikaitwa kusuluhisha. Nikamweleza mama pale pale chini ya mwavuli wa kijana, kwamba hakuna aliyeibiwa. Dakika za kifurushi ni za hapa hapa nchini. Ukipiga nje, kifurushi kinabaki kinakutazama, kinacholiwa ni salio la kawaida, na linaliwa kwa kasi.

"Nje wapi?" mama akaniuliza. "Si nampigia mwanangu?"

"Mwanao yuko nje, mama."

"Kwa hiyo kampuni ya simu ndiyo inayojua mwanangu yuko wapi kuliko mimi."

Kijana wa vocha akacheka, na mama akamsamehe, kwa sababu anapenda mtu anayecheka maneno yake. Mimi nilikuwa nimeacha nguo ya bibi harusi nusu kwenye cherehani. Njiani nilikuwa nawaza kwamba mimi sijawahi kununuliwa vocha nzima na kupigiwa mpaka ikaisha.

Baada ya hapo mama akaona atumie ujanja wetu wa siku zote. Akambipu Maskati. Lakini mtu aliyeko ugenini amesahau kubipiwa, au hataki kukumbuka. Mdogo wangu simu inakaa mfukoni mwa aproni, na ilipoita tu akapokea. Salio likaenda tena. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamwambia ukiona namba ya mama usipokee, acha ikatike, halafu piga wewe kwa intaneti kwenye simu yangu. Akanijibu, "Dada, nikiona namba ya mama mkono unapokea wenyewe." Maneno hayo yalinichoma. Mimi nikiiona namba ya mama mkono wangu unatulia, ndivyo nilivyozoezwa.

Ndipo nikaweka sheria, na kila mtu akaiona ni ya busara. Kwa kitochi, nje hapapigwi na hapabipiwi. Namba ya mdogo wangu niliifuta humo ili kidole kisije kuteleza. Nikabaki mimi tu, kwenye kitufe cha mbili. Mama akikigandamiza kidogo inaita kwangu, bila kutafuta jina, maana yeye anasoma Kurani vizuri sana lakini hizi herufi nyingine hakufundishwa. Na mdogo wangu ataongea naye Jumamosi, kwenye simu yangu kubwa, kwa bando, wakitazamana.

Hivyo Jumamosi zikawa za mama kuja kwangu. Alikuwa anashuka na wenzake na mzigo kichwani, anauza sokoni, halafu anavuka mji mpaka Mwembesongo na kikapu kidogo alichokitenga. Anaingia, namwamkia, anaitika, na kabla hajakaa vizuri anauliza, "Simu ina chaji?" Hali yangu ataiuliza baadaye, akikumbuka.

Nilikuwa namtandikia mkeka barazani, naegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo, napiga Maskati. Uso wa mdogo wangu ukitokea, mama anakuwa mtu mwingine. Mwanamke ambaye kwangu husema maneno ya lazima tu, anaanza kucheka mpaka khanga inamtoka kichwani. Wanaingia kwenye Kiluguru, wanakwenda mbio, wanasengenya watu wa mlimani wote, waliokufa na waliooa. Nami niko palepale, hatua chache, mguu kwenye cherehani. Nikitia neno mama ananyoosha kiganja bila kunitazama, maana yake subiri, mtandao usije ukakata.

Halafu kile kikapu. Ndani yake alikuwa anaweka vitu vizuri kuliko alivyouza, ndizi mzuzu zilizoiva vizuri, njegere changa, fenesi likiwa msimu. Alikuwa anavitoa kimoja kimoja na kuvionyesha kwenye simu. "Unaona hili chane? Ni la mgomba ule uliopanda wewe." Mdogo wangu analia machozi kule, mama anambembeleza huku. Wakiaga, ndizi zinabaki mkekani na mama ananiambia, "Chukua, zisije zikaoza." Nilikuwa nakula ndizi ambazo zimeshatolewa kwa mtu mwingine. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mimi ndiye binti niliyebaki karibu, kwa hiyo kila mtu anajua nani atalima ile migomba baadaye. Watu walikuwa wananitania kwamba nimewahi. Nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nasema chukueni migomba yote, nipeni kicheko kile cha barazani.

Lakini nilikuwa nazipenda Jumamosi hizo kupita kiasi. Simu ikishazimwa, mama alikuwa amechoka na hana mtu mwingine wa kuzungumza naye isipokuwa mimi. Alikuwa ananyoosha miguu, nampaka mafuta kwenye magoti, tunakula wali na mboga aliyoleta, na kabla ya kuondoka analala kidogo kwenye kitanda changu na kuniachia harufu yake ya moshi na mdalasini kwenye mto. Sikuwa na zaidi ya hapo, na sikutaka kugawana na mtu.

Basi mdogo wangu akanunua simu. Aliituma na mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani, ikiwa ndani ya boksi lake, ina kava jekundu na kioo kikubwa cha kumwonyesha mama kila kigae cha jiko la Maskati. Mimi niliagiziwa pakiti ya tende. Pamoja na hivyo ukaja ujumbe wa sauti: "Dada, mfundishe mama vizuri. Bando nitakuwa namwekea mimi. Mwambie asihangaike tena kushuka, magoti yake yataisha bure."

Magoti! Nani aliyekuwa anayapaka mafuta hayo magoti? Yeye aliyajua kwenye kioo tu. Nilikaa na lile boksi kuanzia Alhamisi, nikiliangalia kwenye kabati kila nikipita. Nilijua kabisa kilichokuwa ndani yake. Mle ndani zilikuwa Jumamosi zangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuzitoa kwa mkono wangu.

Mama alipokuja nilimpa. Alipolishika boksi uso wake ulikuwa kama wa mtoto siku ya Idi. Alipoingia ndani kuswali adhuhuri, nikafanya kazi yote haraka ili ipite. Nikatoa laini kwenye kitochi, nikaikata iingie kwenye simu mpya, nikaiwasha, nikazima yale mambo yanayokula bando kimyakimya. Kwenye kioo cha mbele nikaweka picha moja tu, ya mdogo wangu, akiigusa inaita kwa video. Yangu sikuweka. Nani anampigia video mtu aliye Mwembesongo?

Aliporudi nikamfundisha, na nilimfundisha vizuri kwa sababu nilikuwa na hasira.

"Hapa unagusa picha yake. Akipiga yeye, unaburuta hii juu. Basi."

"Na hii ya kijani?"

"Hiyo ndiyo ya kupigia simu ya kawaida. Usiiguse, mama. Hiyo ndiyo iliyokula vocha yako ya ndizi. Kwenye simu hii, pa kupigia hapaguswi kabisa, umenisikia? Kabisa."

"Kabisa," akarudia, kama anavyorudia mtu akiagizwa dawa. Kisha akauliza, "Na namba yangu imekuwa nyingine?"

"Namba yako ni ile ile."

Akaridhika. Alipokuwa anafunga kikapu chake akanyoosha mkono. "Nipe na kitochi changu." Nikadhani anataka tochi ya kwendea msalani, nikampa, sikufikiria zaidi.

Jumamosi iliyofuata mama hakushuka. Ndizi zililetwa na mwenzake mmoja wa mlimani, zikiwa za kawaida tu, na salamu kwamba mama hajambo na simu inaonyesha vizuri. Nilishona suruali ya mteja miguu yote miwili ya kushoto, nikaifumua. Mkeka sikuutandika.

Hilo nilikuwa nimelitarajia. Ambalo sikulitarajia ni alfajiri. Asubuhi ya kwanza baada ya simu mpya, nilikuwa macho, mkono karibu na simu, na simu haikuita. Nikasema amechelewa kuamka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mtu aliyepata kioo cha kumwona mtoto wake mzima mzima, bipu ni ya nini tena? Wivu ulinishika. Kunibipu hakukumgharimu hata senti. Hata kile cha bure amempa yule.

Kumpigia mimi? Sikumpigia. Yeye ndiye huanza, mimi hurudisha, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Nikajiambia siwezi kwenda kuomba nibipiwe. Zikapita wiki kadhaa namna hiyo. Kila alfajiri naamka saa ile ile, natazama kioo cheusi, nanuna, nainuka.

Ujumbe wa mdogo wangu uliponifikia nilikuwa nakata kitambaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebana meno. "Dada, umemfanya nini mama? Simu nimenunua mimi, bando naweka mimi, halafu kila nikimpigia tunakuongelea wewe. Yeye ni kuuliza tu, dada yako hajambo? Dada yako ana wateja wengi? Dada yako atakuwa amenikasirikia? Jana nimemwonyesha gauni langu jipya, ananiambia dada yako angelibana hapa kiunoni. Kama mnagombana malizeni, mimi nataka kuongea na mama yangu."

Niliusikiliza tena ujumbe ule, na tena, na si kwa sababu haukusikika mara ya kwanza. Kumbe na yeye anaumia! Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaacha mkasi. Kisha nikakasirika upya. Kama mama anataka habari zangu, kwa nini azipitishe Maskati?

Jumamosi nikafunga cherehani, nikabeba sukari na unga, nikapanda mlima kwenda kugombana. Pikipiki ilinifikisha inapoweza, palipobaki nikapanda kwa miguu, na kila nikipumua nilikuwa naongeza neno moja kwenye yale nitakayosema.

Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye kigoda, anachambua njegere.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekumbuka njia."

"Mimi? Wewe ndiye uliyesahau njia. Mwenye simu kubwa hashuki tena."

Akaacha njegere. "Mlisema nisishuke kwa ajili ya magoti. Sikushuka. Lakini sikusema tusijuliane hali. Kila siku nakubipu na wewe hunirudishii. Nikasema mwanangu ana nguo za watu, mikono imejaa. Lakini hata kidole kimoja?"

"Unanibipu na nini, mama? Mimi sijaona bipu yako tangu siku ile."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto anayedanganya. Akasimama kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Akarudi na kitochi, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge ambacho niliwahi kumshonea cha kubebea hela. Akakifungua. Kilikuwa kimejaa chaji.

"Hiki nakipeleka kwa jirani mwenye sola kila kikipungua, kwa ajili yako tu," akasema. "Ile kubwa uliniambia pa kupigia hapaguswi kabisa. Sikugusa. Sasa nikubipu na nini kama si hiki? Na namba ulisema ni ile ile."

Akakigandamiza kitufe cha mbili kwa kidole gumba, taratibu, kama nilivyomfundisha miaka ile. Ukatoka mlio mmoja mfupi. Akakata. "Hivyo. Kila siku nikishaswali, hivyo hivyo. Halafu nakaa hapa nasubiri."

Kwenye kile kioo kidogo yaliandikwa maneno ya kuomba laini. Nilikichukua, nikafungua nyuma ingawa nilishajua, nikaona mahali pa laini pakiwa wazi, palepale nilipopaacha mimi. Wakati mimi nimelala macho Mwembesongo nikisubiri anianze, mama alikuwa ameshaanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda hiki, kwenye baridi ya mlimani, akisubiri nimrudishie.

"Umesubiri mpaka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mpaka jua litoke. Nani anajua, unaweza ukawa umechelewa kuamka."

Nikamwambia kiliharibika kidogo na nitakitengeneza. Kwenye simu yangu nilikuwa na laini ya pili, ambayo wateja wangu wa zamani walikuwa wananipigia. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kitochi chake, nikampangia tena kitufe cha mbili. Akakigandamiza palepale na simu yangu ikaita mkononi mwangu, jina lililotokea likiwa langu mwenyewe. Nami nikamrudishia. Kitochi kikalia kwenye mapaja yake, katikati ya njegere, na mama akacheka mpaka khanga ikamtoka kichwani.

Kicheko kile nilikijua. Nilikuwa nakisikia barazani kwangu kila Jumamosi.

Siku hizi Jumamosi napanda mimi. Mafuta ya magoti yako kwake, kwenye dirisha. Mdogo wangu akipiga video naonekana nyuma, nachambua mboga, na nimegundua kwamba hapo ndipo yeye hupungukiwa maneno. Juzi ameniandikia: amesikia mama ana namba nyingine, ile anayonibipu nayo alfajiri, nimtumie na yeye awe nayo.

Nikamjibu kwamba ile asiipigie wala asiibipu. Iko kwenye kitochi, haina intaneti, na akiigusa tu kutoka huko itamlia salio lake lote.

Ni kweli kabisa, na sikuongeza neno.